Rufaa haikumtoa Ulbricht

KAULI YA JUMAPILI
Na Hamisi Mbaruku

Hukumu ikishasomwa, ndugu wa mfungwa hawakosi kusema: "Tutakata rufaa." Wanasema kana kwamba huko juu kesi itaanza upya, mashahidi waitwe tena, na jaji mwingine amwonee mtu huruma. Atazame ya Ross Ulbricht anayeamini hivyo.

Mmarekani huyu alianzisha Silk Road, soko la mtandaoni ambako watu waliuziana heroini, kokeini na vitambulisho bandia kwa bitcoin. Alikamatwa Oktoba 2013 katika maktaba moja ya San Francisco. Februari 2015, mjini New York, akatiwa hatiani kwa makosa saba, likiwamo la kula njama ya kusambaza dawa za kulevya. Mei akapewa vifungo viwili vya maisha, na miaka 40 juu yake.

Akakata rufaa, tena kwa hoja nzito. Wapelelezi wawili wa serikali waliiba bitcoin katika uchunguzi huohuo wa Silk Road, nao wakafungwa! Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikajibu kwamba wizi wao haukugusa ushahidi uliomtia hatiani. Kuhusu kifungo, majaji walikiri kwamba huenda wao wasingetoa adhabu ile, ila jaji wa kwanza hakuvuka mamlaka yake. Jaji wa rufaa haulizwi angemfunga mtu miaka mingapi. Anaulizwa kama mwenzake alikosea, na ukali pekee ni nadra kuhesabiwa kosa. Juni 2018 Mahakama ya Juu ikakataa hata kuisikiliza.

Aliyemtoa ni Donald Trump. Mei 2024, akisaka kura kwenye mkutano wa chama cha Libertarian, aliahidi kumpunguzia kifungo. Januari 2025, siku moja baada ya kuapishwa, akampa msamaha kamili.

Kifungo kile kilizidi, lakini msamaha ule haunifurahishi. Baktash Akasha wa Mombasa alifungwa miaka 25 hukohuko New York mwaka 2019, baada ya kukiri njama ya kuingiza heroini Marekani. Sidai aachiwe. Ila hakuna mgombea atakayepanda jukwaani kumtaja, na mtu aliyekiri kosa, huko na hata hapa kwetu, hubakiwa na nafasi finyu ya kukata rufaa.

Hapa Tanzania misamaha ya Rais ya sikukuu za kitaifa mara nyingi huwaruka wafungwa wa dawa za kulevya. Sheria nayo imeshaweka kifungo cha maisha kwa mizigo mikubwa; jaji wa rufaa akiona hatia imethibitika, apime nini tena? Mwenye mzigo na kijana aliyetumwa kuubeba wanatoka na adhabu ileile. Bunge ndilo lililomfunga jaji mikono, na wabunge wanaweza kumfungua bila kumwachia mfanyabiashara hata mmoja: waweke kiwango cha chini cha miaka kwa mbebaji, yanayobaki wamwachie jaji.