Vijana wa mijini na mbio za kupunguza unene

MATANGAZO ya chai na vidonge vya kupunguza unene yamezagaa jijini Dar es Salaam, na siku hizi husambazwa zaidi kupitia simu za mkononi. Ahadi ni ile ile: kupungua kilo nyingi kwa siku chache, bila jasho wala kubadili mlo. Wanaolengwa ni vijana, hasa wasichana.

Biashara hiyo imepata soko kwa sababu tatizo lenyewe ni la kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 1991/92 walikuwa asilimia 11 tu.

Hata hivyo, utafiti huo huo ulibaini jambo lisilotajwa katika matangazo. Asilimia 45 ya wanawake wa umri huo walikuwa na upungufu wa damu. Msichana anaweza, basi, kuwa mnene na papo hapo akakosa madini ya chuma. Akijinyima chakula ili apungue, hujinyima pia dagaa, maharage na mboga za majani ambazo mwili wake unazihitaji. Suala hili si la urembo pekee.

Njia za mkato zina kasoro nyingine. Baadhi ya chai hizo zina majani ya kuharisha, kama sanamaki. Mizani hushuka kwa kuwa maji yametoka mwilini, si mafuta. Anayejinyima kupita kiasi naye hupoteza misuli, mwili wake hupunguza matumizi ya nishati na njaa humzidi. Arejeapo kwenye mlo wa zamani, unene nao hurejea.

Kasi inayohesabiwa kuwa salama kwa mtu mzima ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa walio chini ya miaka 18, ambao bado wanakua, mara nyingi lengo ni uzito usiongezeke huku kimo kikiendelea kuongezeka, tena kwa ushauri wa mtaalamu.

Pa kuanzia ni kwenye soda. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2015 kuwa ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya mililita 350 ya soda nyingi za kawaida huvuka kiwango hicho. Ikishushia sahani ya chipsi mayai, ambayo viazi vyake hukaangwa mara mbili, mlo mmoja hubeba mafuta na sukari nyingi na mboga kidogo mno.

Mbadala wake hauhitaji duka la vyakula vya kigeni. Upo kwa mama lishe: ugali wa dona wa kiasi, maharage, dagaa na mchicha wa kutosha, kisha chungwa na maji. Mlo huo mtu anaweza kudumu nao miaka, na hapo ndipo penye siri ya kupungua bila kurudia unene. Ukiambatana na kutembea au mazoezi ya dakika 150 kwa wiki kwa watu wazima, au dakika 60 kila siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, faida yake huongezeka.

Lakini kuwatupia vijana lawama zote si haki. Mwanafunzi anayekuta chipsi na soda nje ya lango la shule, na asiye na uwanja wa kuchezea, amechaguliwa mlo kabla hajachagua. Afrika Kusini ilianza mwaka 2018 kutoza kodi vinywaji kulingana na sukari iliyomo, na watengenezaji wakapunguza sukari hiyo. Shule, halmashauri na wazazi nao wana la kufanya kabla vidonge havijawa ndiyo tiba pekee anayoiona kijana.