Kitabu cha kanuni kikichapishwa upya, nani analipa?

Ku Marekani kuko muchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa ku meza, moja anaongoza hadithi, wengine kila mutu anashika nafasi yake: huyu mupiganaji, yule mwizi, yule mulozi. Dadu zinaamua kama pigo limefika ao hapana. Yote inafuata kitabu cha kanuni. Cha kwanza kilitoka mwaka wa 1974. Kisha kikabadilishwa mara mingi: 2000, 2003, 2008, 2014. Mu 2024, kampani ya Wizards of the Coast, iliyo chini ya Hasbro, ikaanza tena: vitabu vitatu vya musingi, kila kimoja karibu dolari 50.

Ndugu musomaji utauliza: hii inatuhusu nini sisi watu wa mugodi? Inatuhusu. Kanuni zikibadilika, nani anaziandika, nani analipa kitabu, na mwenye kitabu cha zamani anabaki wapi?

Wenye kutetea kampani wako na sababu. Kisha miaka kumi, makosa yanajulikana, na mutu anayeanza leo anataka kitabu kimoja, hapana kitabu pamoja na rundo la masahihisho. Ni kweli. Tena, kuanzia 2022 kampani ilitoa kanuni za kujaribu, bure, na wachezaji wakatoa maoni yao. Lakini feza pia iko ndani. Mwenye kununua kitabu cha 2000 aliona kingine kinatoka kisha miaka tatu tu.

Wachezaji hawakunyamaza. Mu Januari 2023 ikajulikana kama kampani inataka kuondoa ruhusa iliyotoa tangu 2000, ya kuacha wengine waandike vitabu kwa kutumia kanuni zake. Wachapishaji wakubwa, wenye kuingiza zaidi ya dolari 750.000 kwa mwaka, wangelipa mpaka 25% ya kile kinachopita hapo. Watu wengi wakakatisha malipo yao ya kila mwezi. Mbele mwezi uishe, kampani ikarudi nyuma, na ikaweka kanuni za musingi chini ya ruhusa ya wazi ambayo haiwezi kuiondoa tena. Mu Agosti 2024 ilitaka kanuni mupya zichukue nafasi ya zingine za zamani ku intaneti. Watu wakalalamika, ikarudi nyuma tena. Hakuna aliyevunja kioo. Kuacha kulipa kwa pamoja, sisi tunajua jina lake: mugomo.

Na wenye kutengeneza vitabu? Ku Paizo, kampani ingine ya michezo hiyo, wafanyakazi waliunda sendika mu Oktoba 2021, na patron akaitambua mwezi ule ule. Lakini mu Desemba 2023 Hasbro ilitangaza kuondoa karibu watu 1.100. Kwa hiyo kitabu kuuzwa bei kali hakulinde kazi ya mutu.

Kwa maoni yangu, wachape upya, lakini kwa masharti: mabadiliko yatangazwe bure, kitabu cha zamani kisizuiwe, na wenye kucheza waulizwe mbele.

Kuko tofauti moja kubwa na kwetu. Ku muchezo, ukipenda kitabu cha 1974, utaendelea nacho ku meza yako, hakuna atakayeumia. Ku kazi hapana. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 ilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Code minier ya tarehe 11 Julai 2002 ilibadilishwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018. Delege anayeingia ku biro ya patron na fotokopi ya 2002 atasoma mustari uliokwisha kubadilika, na avoka wa kampani atafungua ule mupya. Haki inapotea hapo hapo, hata kama delege alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo kwetu kuchapa upya si biashara, ni deni. Leta na makampani watoe kitabu kizima, mabadiliko yakiwa ndani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kifike bure mu mikono ya mufanyakazi. Sendika nazo ziweke jambo hili ku orodha ya madai, pamoja na mushahara. Na wewe, mbele ya mukutano unaokuja, uliza delege wako: kitabu chako ni cha mwaka gani?