Nyimbo za Sinema na Uhakiki wa Ushairi wa Mombasa: Je, Filamu Yenyewe Ina Haja ya Kutazamwa?

Pana kauli iliyozoeleka miongoni mwa wapenzi wa muziki mjini Mombasa, nayo ni kwamba filamu iliyotungiwa muziki na fundi wanayemhusudu haiwezi kuwa mbaya. Shabiki wa R. D. Burman haulizi filamu ina kisa gani wala imeongozwa na nani. Akisha kuliona jina la mtunzi wake, ameridhika. Pana na kauli ya pili, inayosikika zaidi katika vyumba vya mihadhara kuliko barazani: kwamba filamu za Kihindi ni nyimbo tu zilizotafutiwa kisa ili zipate kuuzika, na kwa hiyo msomi hana sababu ya kuzitazama. Akitaka nyimbo na asikilize nyimbo, kisa akiache kilipo. Kauli hizi huonekana kuwa zinapingana. Kwa kweli ni mapacha. Zote mbili huuchukulia muziki kuwa ni pambo linaloweza kubanduliwa katika filamu bila ya filamu kujua, na tofauti iliyopo ni kwamba mmoja analipenda pambo hilo na mwingine analidharau.

Kosa hili lingekuwa dogo lau lingeishia katika mambo ya sinema. Haliishii hapo. Limeingia katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, na hapo ndipo linapodhuru.

Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014), ambaye hadi alipostaafu mwaka 2007 alihesabiwa miongoni mwa sauti kuu za taarab katika pwani ya Kenya, alijipatia jina kwa kuimba Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, wala hakuwa peke yake, kwani Maulidi Juma naye aliziimba nyimbo za namna hiyo. Linalomhusu mwanafunzi wa fasihi ni kwamba Juma Bhalo aliimba pia tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo, wa ukoo wake, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, ilichapishwa mwaka 1971 na bado inasomwa vyuoni. Maana yake ni kuwa tungo za malenga huyo huyo anayechambuliwa darasani ziliwafikia watu wa Tononoka, Majengo na Mji wa Kale kwa sauti ya mtribu aliyeyalea masikio yao kwa mahadhi ya Bombay. Sauti hiyo ilisikika katika harusi, ikanaswa kwenye kanda, ikauzwa katika duka kama lile la Mbwana Radio Service. Kijana wa Tononoka aliyekuwa hajawahi kuishika diwani mkononi aliyajua mashairi kwa moyo, na aliyajua pamoja na mahadhi yake.

Wahakiki wamelifanyia nini jambo hili? Takriban hawajalifanyia lolote. Tangu Kaluta Amri Abedi atoe Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, wanajadi wameshikilia kwamba shairi ni wimbo na kwamba lisiloimbika si shairi. Kanuni hiyo ilitumiwa kama rungu katika miaka ya 1970 dhidi ya watunzi wa mashairi huru. Ajabu ni kuwa waliolishika rungu hilo kwa nguvu zaidi hawakujishughulisha kuuliza shairi linaimbwa kwa mahadhi yapi, wala mahadhi hayo yametoka wapi na yamekuja na nini. Wanamabadiliko nao, kwa kuwa walitaka shairi lisomwe kwa macho, walifurahi kuliacha swali hilo lilale. Mizani imehesabiwa, vina vimepangwa, na wimbo wenyewe ukaachiwa wataalamu wa muziki. Ndiyo maana kitabu kilichoipa taarab ya Kihindi ya Mombasa nafasi inayostahiki, Sounds of Other Shores cha Andrew J. Eisenberg (2024), ni kitabu cha mtaalamu wa muziki, na si cha mhakiki wa fasihi aliyetoka katika idara yoyote ya Kiswahili.

Sasa, ikiwa mahadhi ya filamu ni sehemu ya wimbo wa Kiswahili, je, mhakiki analazimika kuitazama filamu? Shabiki atajibu kuwa ni lazima, na azitazame zote. Jibu hilo halina thamani. R. D. Burman peke yake alizitungia muziki filamu zaidi ya 300, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayedai kuwa zote zina haja ya kutazamwa hata mara moja. Mapenzi kwa mtunzi ni mlango mzuri wa kuingilia katika jumba la sinema, lakini ni kadhi mbaya akisha kuketi ndani. Kinachotakiwa ni kuuliza muziki unafanya kazi gani katika filamu hii na si katika ile.

Itazamwe kwanza Pyaasa (1957) ya Guru Dutt, kwa kuwa ni kisa cha mshairi na hakuna idara ya fasihi inayoweza kuikwepa bila aibu. Vijay ni mshairi asiyetambuliwa, ambaye ndugu zake wameyauza mashairi yake kwa bei ya karatasi chakavu. Usiku mmoja anamsikia mwanamke akiimba beti zake mwenyewe. Mwanamke huyo ni Gulab, kahaba, naye aliyanunua makaratasi yale na sasa anamvuta mteja kwa maneno ya mteja huyo huyo bila ya kumjua. Hapa wimbo si pumziko katikati ya matukio. Wimbo ndio tukio: kwao Vijay anajua mashairi yake yako wapi, na mtazamaji anajua ni nani aliyeyathamini. Atakayeukata wimbo huo ameukata uzi wa kisa. Muziki ni wa S. D. Burman, baba yake R. D. Burman, na maneno ni ya Sahir Ludhianvi, ambaye baada ya filamu hiyo hakufanya tena kazi na mtunzi huyo, kwa ugomvi uliohusu nani anastahiki sifa, mwenye maneno au mwenye mahadhi. Ugomvi huo ungefaa kusomeshwa sambamba na mgogoro wa arudhi ya Kiswahili; ni ugomvi ule ule.

Vivyo hivyo Mughal-e-Azam (1960), ambayo muziki wake ni wa Naushad. Anarkali, mchezaji wa jumba la kifalme, anasimama mbele ya Akbar na kuimba kwamba amependa na hana sababu ya kuogopa. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ukumbi wa vioo wa wimbo huo ukaja na rangi zote, na sura ya mwimbaji ikajaa darini katika vipande vya vioo juu ya kichwa cha mfalme. Uasi unatendeka kwa kuimbwa. Mwenye kaseti ya wimbo huo anayo sauti nzuri. Tendo lenyewe hanalo.

Kesi ya Sholay (1975) ni ngumu zaidi, nayo inamfedhehesha shabiki na mpinzani wake kwa pamoja. Wimbo wake uliovuma, ule alioimba R. D. Burman mwenyewe, una mahadhi yaliyochukuliwa kwa Demis Roussos, na ukiondolewa filamu haitadhurika hata kidogo. Wapo watakaosema kuwa ingenufaika. Lakini kila jioni Jai anakaa barazani akipiga kinanda cha mdomo, na ng'ambo ya ua Radha, mjane kijana, anapita akizizima taa moja baada ya moja. Hawasemezani. Mahadhi hayo machache hayana maneno, hayaimbiki harusini, na hakuna mtribu aliyeweza kuyatilia beti. Hata hivyo ndani yake mna mapenzi yote ya filamu hiyo. Huu ndio muziki bora wa R. D. Burman katika Sholay, na shabiki anayedai kumjua mtunzi wake kwa nyimbo zake hajausikia. Na yule anayeshikilia kuwa watazamaji walifuata nyimbo tu, kisa kikiwa ni kisingizio, na aeleze kwa nini kampuni ya Polydor ilitoa sahani za santuri zenye mazungumzo ya filamu hiyo, na kwa nini watu walizinunua kwa wingi.

Si kila mara muziki na kisa huwa marafiki. Katika Hare Rama Hare Krishna (1971) Dev Anand alikusudia kuwaonya vijana juu ya bangi na maisha ya mahipi wa Kathmandu. R. D. Burman akamletea wimbo wa bangi wenye gitaa la roki na sauti ya Asha Bhosle, wimbo mtamu kiasi kwamba onyo lote linayeyuka mbele yake. Filamu inahubiri, muziki unatongoza. Kama filamu, kazi hiyo ina udhaifu mwingi. Lakini inastahiki kutazamwa kwa sababu ya mvutano huo, ambao kaseti haiwezi kuuonyesha. Disco Dancer (1982) ya Bappi Lahiri haina hata udhuru huo. Filamu ambayo mama yake shujaa anauawa na gitaa lililotiwa umeme, na ambayo baadhi ya mahadhi yake ni mali ya bendi za Ulaya, imeshatoa yote iliyo nayo kwa mtu aliyesikia nyimbo zake mbili akiwa matatuni.

Hali haiko tofauti huko Ulaya na Marekani, ambako swali hili huulizwa juu ya wanamuziki wa roki. Pink Floyd waliitungia muziki filamu ya More (1969) ya Barbet Schroeder. Sahani ya santuri ingali inasikilizwa na watu ambao hawajawahi kuiona filamu, nao hawajioni kuwa wamepungukiwa na kitu. Neil Young, kwa upande wake, aliupiga muziki wa Dead Man (1995) ya Jim Jarmusch akiwa anaitazama filamu yenyewe, gitaa likizijibu picha. Kumsikiliza bila ya picha ni sawa na kusikia upande mmoja wa mazungumzo. Katika kila mojawapo ya kesi hizi jina la mwanamuziki halikuamua lolote.

Itapingwa kuwa Mombasa yenyewe ilikwisha kulitatua jambo hili. Mji uliyatoa mahadhi katika filamu, ukayatia maneno yake, ukacheza nayo katika harusi zake, na filamu ikasahauliwa. Huko Kano, kama alivyoonyesha Brian Larkin, mahadhi ya filamu za Kihindi yaliwekewa maneno ya Kihausa ya kumsifu Mtume. Je, mwenye kumsalia Mtume naye aambiwe akaitazame sinema? Hoja hii ina nguvu, na haitoshi kuipuuza. Mshairi anayelichukua hadhi la mtu ana haki ya kuliweka atakapo. Hata huko Bombay ni desturi mahadhi kutangulia na maneno kufuata, hivi kwamba mtunzi wa Kiswahili aliyetunga juu ya hadhi lililokwisha kuwako alikuwa akifanya kazi ile ile ya mshairi wa filamu, tena bila ya kulazimishwa na mwongozaji amalize kesho.

Lakini hoja hiyo inachukulia kuwa filamu ilisahauliwa, na hilo halijathibitishwa na yeyote. Kwa upande wa Tanzania, Laura Fair ameonyesha katika Reel Pleasures (2018) jinsi watazamaji walivyokijadili kisa cha Awaara (1951), juu ya hakimu anayeamini kuwa mtoto wa mwizi atakuwa mwizi, na jinsi mapenzi na ukoo yalivyozungumzwa kwa kutumia filamu hiyo. Hakuna sababu ya kudhani kuwa watu wa Mombasa, waliokuwa na Regal, Naaz na Majestic zao, walikuwa na vichwa vyepesi zaidi. Ikiwa msikilizaji wa harusini alikwisha kuiona filamu, basi hadhi lilimfikia likiwa na sura ya mtu na machozi ya mtu, na shairi la Kiswahili lililowekwa juu yake ama lilikubaliana na machozi hayo ama liliyapinga. Shairi la mafumbo juu ya jirani msaliti, likiimbwa kwa hadhi la wimbo wa mapenzi ya kufa na kupona, si shairi lile lile linalosomwa katika ukurasa. Linachekesha, au linachoma zaidi. Ni lipi kati ya hayo? Diwani haiwezi kujibu, kwa kuwa diwani huchapa vina na mizani, haichapi mahadhi.

Majumba yale matatu hayaonyeshi tena filamu, na Juma Bhalo amekwisha kuzikwa. Filamu zenyewe zimebaki na zinapatikana kwa urahisi kuliko wakati wowote. Kinachopungua kila mwaka ni watu wa Tononoka na Mji wa Kale ambao, wakipigiwa kanda ya wimbo wa Kiswahili, hata kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, huitaja filamu kwa jina lake, wakataja nani alikuwa akilia na kwa nini. Wanafunzi wa uzamili waliopelekwa kwao na idara zao walikwenda kuuliza maana ya misamiati ya Kimvita.