Kazi ya hoteli: tuulize kwanza kontra

Wandugu na wadada, vijana wa Boyoma,

Kila mara tangazo ya kazi ya hoteli ya Kinshasa inapita mu WhatsApp, mabishano inaanza. Wamoja wanasema mutu wa lisanse hawezi kwenda kutandika vitanda. Wengine wanajibu: kazi ni kazi, njaa haiangalie diplome. Siye tunaona swali ya kweli ni ingine: ile kazi iko na karatasi gani?

Tuanze na mazuri. Kompanyi kubwa kama Accor, yenye kuwa na jina ya Pullman Kinshasa na Lubumbashi, inaogopa kuharibu jina yake. Ukiingia, unasaini kontra na unafundishwa kazi: mapokezi, vyumba, jikoni, hesabu ya stoki. Ile ufundi hakuna mutu atakunyanganya. Mwenye alifanya miaka tatu ku mapokezi ya hoteli kama ile anaweza kuomba kazi Kigali ao Nairobi, na watamuelewa.

Mabaya nayo iko. Kinshasa ni kilometre 1.734 kwa njia ya mto. Garanti ya nyumba, taksi na chakula vinakula mushahara mbele mwezi uishe. Usiku, siku ya Mungu, Noeli, wakati wengine wanafurahi njo wewe unabeba sinia. Tena angalia vizuri: mara mingi mulinzi na mufagiaji si watu wa hoteli. Wanavaa nguo yenye jina yake, lakini kontra yao iko kwa kompanyi ingine ndogo. Na wageni wakikosa, kama vile mu 2020 wakati wa Covid, mwenye kontra fupi njo anatoka wa kwanza.

Basi tubaki hapa? Kubaki karibu na wazazi ni vizuri. Lakini mimi nilifanya miezi ine ku hoteli moja ya muji wetu, wananiita kila siku « mutu wa siku kwa siku ». Kontra hakuna, CNSS hakuna. Wageni walipopunguka, waliniambia kwa telefone nisirudi tena. Wenzangu wengi wa Makiso na Mangobo wanajua hii hadisi.

Kumbe sheria iko. Sheria ya kazi ya tarehe 16/10/2002, kifungu 40, inasema: mutu wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, na akirudishwa kazini mbele ile miezi iishe, kontra yake inahesabiwa kuwa haina mwisho. Muda wa kujaribu mutu hauwezi kupita mwezi 1 kwa kazi isiyo na ufundi, miezi 6 kwa zingine, na lazima uandikwe. Ku CNSS, patro analipa 13 %, mufanyakazi 5 %. Wakikukata ile 5 % na hauna namba ya CNSS, uliza pesa inaenda wapi. Mushahara wa chini, wenye ulikuwa 7.075 FC kwa siku tangu 2018, serikali iliupandisha mu 2025 kufika 14.500 FC.

Kwa hiyo tunaomba :

1. Inspeksio ya kazi ya Tshopo iingie mu hoteli za muji, iangalie kontra za watu wa vyumba, wa jikoni na wa usiku, si karatasi za patro peke yake.

2. Wenye hoteli waandikishe wafanyakazi wao ku CNSS. Mwenye anaweza kununua zeneratere anaweza kulipa 13 %.

3. Vijana, andikeni siku zenu zote za kazi mu kaye, na mutunze kila ujumbe wa patro. Siku ya mabishano, ile kaye njo shahidi wenu.

Mwenye anapata kontra nzuri Kinshasa, aende, hatutamucheka. Lakini haiko sawa mutoto wa Kisangani asafiri mto mzima kwa kutafuta haki yenye sheria ilishamupa hapa kwao.

Karatasi kwanza, sinia kiisha.