Jina Limebaki, Uwanja Haupo

Makanga wa barabara ya Thika huita "Drive-In!" na abiria wakashuka. Vijana wengi wa Buruburu wanaopita hapo hawajui kuwa jina hilo limetokana na sinema ya Fox, ambako familia zilitazama filamu zikiwa zimeketi ndani ya gari. Belle Vue, barabara ya Mombasa, nayo ilikuwa sinema kama hiyo. Leo ni jina la kituo tu.

Wazee husema video ndiyo iliyoziua. Ni kweli, lakini nusu. Uwanja wa kuegesha mamia ya magari katika mji unaokua ni mali, na sinema ilipodhoofika ardhi ilishapata wa kuitamani.

Hapo ndipo penye funzo kwa Buruburu. Mtaa huo ulijengwa kwa mpango tangu miaka ya 1970, nyumba zikizunguka viwanja vya pamoja. Leo vyumba na maduka ya kuongezea yanasogea hadi ukingoni.

Kwetu Mombasa, pembea za Idi huwekwa Makadara kwa sababu uwanja bado upo. Pembea ikivunjika huundwa nyingine. Uwanja ukijengwa haurudi. Wakaazi waitake kaunti ya Nairobi iviorodheshe viwanja vya umma katika awamu zote tano na kuviombea hatimiliki, sasa.