Kosa la Kutaka Kutazamwa

Methali "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" tumeiandika sote katika insha, na wengi wetu imetupatia alama. Mimi naipinga. Naipinga hasa inapoingizwa katika mijadala ya fasihi na sanaa kana kwamba ni kanuni ya uhakiki: kazi iliyodumu ni bora, iliyokatizwa ilistahili kukatizwa, na mhakiki hana la kufanya ila kwenda kuuliza sokoni. Ushahidi ninaouleta ni mfululizo wa vichekesho vya runinga uliotengenezwa Marekani, ukaitwa Police Squad!, ukarushwa na shirika la ABC mwaka 1982 na kufutwa ukiwa na vipindi sita tu.

Wapo watakaouliza mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na vichekesho vya Wamarekani vya zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Naomba wanivumilie. Sababu iliyotolewa ya kuufuta mfululizo huo ni ndugu wa damu na sababu tunayopewa sisi kila tunapokabidhiwa kitabu chepesi kuliko uwezo wetu.

Kwanza historia yenyewe. Watunzi walikuwa watatu: David Zucker, Jim Abrahams na Jerry Zucker. Mwaka 1980 walikuwa wametoa filamu ya Airplane!, iliyowachekesha watu wengi kwa kuzidhihaki filamu za maafa ya ndege. Katika filamu hiyo walimtumia Leslie Nielsen, mwigizaji ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejulikana kwa nafasi nzito zisizo na mzaha. Siri yao ilikuwa hiyohiyo: mtu mwenye sura ya hakimu anayesema upuuzi bila kutabasamu. Walipokwenda runingani walimpa Nielsen nafasi ya mpelelezi Frank Drebin, wakachukua muundo wa tamthilia za polisi za zamani, hususan M Squad ya mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaujaza dhihaka kuanzia wimbo wa kufungulia hadi majina ya kufungia.

Kipindi cha kwanza kilirushwa Alhamisi, tarehe 4 Machi 1982. Vipindi vinne vilionekana mwezi huo, kisha ABC ikaukata mfululizo. Viwili vilivyobaki vilirushwa Julai, wakati wa kiangazi, kama mtu anayemalizia kiporo ili asahau kwamba alipika. Nielsen aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa uigizaji wake, na uandishi wa mfululizo nao ukateuliwa. Hilo halikuufufua.

Ulichekesha vipi? Kila kipindi kilianza kwa kumtangaza mgeni maalumu, mwigizaji mwenye jina kubwa, naye akauawa palepale kabla hadithi haijaanza. Lorne Greene, aliyependwa na Wamarekani katika Bonanza, alikuwa wa kwanza. Jina la kipindi liliandikwa kwenye skrini huku sauti ya msimulizi ikitaja jina jingine kabisa. Asiyesoma wala kusikiliza hakujua kwamba amechezewa. Palikuwa na polisi mrefu mno ambaye kichwa chake hakikuwahi kuingia katika picha, na wenzake waliongea naye wakitazama juu kama kawaida. Palikuwa na mng'arisha viatu aliyejua kila siri ya mji, na Drebin alipoondoka, daktari au kasisi alikaa kwenye kiti kilekile kuuliza mambo ya taaluma yake mwenyewe. Mtu akimpa mwenzake sigara kwa neno moja tu, "Sigara?", yule hujibu kwa heshima kwamba ndiyo, hiyo ni sigara. Mwishoni, tamthilia za zama hizo zilizoea kuigandisha picha wahusika wakiwa wanacheka. Hapa picha haikugandishwa. Waigizaji walisimama tuli wenyewe, huku kahawa ikiendelea kumiminika hadi ikafurika, au mfungwa akigundua kwamba walinzi wake wameganda na kuanza kutafuta mlango.

Hakuna hata kimoja kati ya vituko hivi kilichoshangiliwa ndani ya kipindi. Hakuna mhusika aliyekonyeza jicho, na hapakuwa na vicheko vya kurekodiwa. Jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Tangu miaka ya 1950, mhandisi Charles Douglass alipobuni mashine yake ya vicheko, watazamaji wa Marekani walizoezwa kusikia umati usioonekana ukiwaelekeza: hapa cheka, hapa cheka sana, hapa sikitika. Kuiondoa sauti hiyo kulikuwa kumwambia mtazamaji, "Sasa uko peke yako na akili yako."

Sisi tuliosoma fasihi simulizi tunalijua jambo hili kwa jina lake. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira huitika "Tega!", kisha mtegaji hutega na kunyamaza. Ukimya ule ni mali ya hadhira. Wakishindwa, wanampa mji, na ndipo anapofumbua. Mtegaji anayetega na kufumbua papo hapo hajatega kitu, ametoa taarifa. Vicheko vya mashine ni mtegaji wa namna hiyo, na Police Squad! ilikuwa runinga iliyotega ikanyamaza.

Sasa tuje kwenye kifo. Tony Thomopoulos, aliyesimamia burudani katika ABC wakati huo, alieleza kwamba tatizo la mfululizo huo ni kuwa mtazamaji alilazimika kuutazama ili aufurahie. Rudia sentensi hiyo polepole, msomaji. Kipindi cha runinga kilifutwa kwa kosa la kutaka kutazamwa. Wengi wameicheka kauli hii kwa miaka mingi, lakini mimi siichukulii kama ulimi uliteleza. Naamini alisema kweli tupu kuhusu biashara yake. Runinga ile ilitarajia mtu akiwa anapiga pasi, anaosha vyombo, anagombana na watoto, na sauti ya nyuma ikimjulisha pa kucheka. Kipindi kilichotaka macho yake yote kilikuwa kimevunja mkataba.

Tazama pia kilivyopimwa. Hesabu za watazamaji zilikusanywa na kampuni ya Nielsen, ambayo haina undugu na mwigizaji wetu ingawa jina ni moja. Mita zilizofungwa katika nyumba za sampuli zilirekodi kama runinga imewashwa na iko kwenye stesheni gani. Hazikurekodi kama aliyeketi mbele yake anatazama, anasinzia au ametoka kwenda jikoni. Kwa hiyo kazi ambayo thamani yake yote ilikuwa katika umakini wa mtazamaji ilihukumiwa kwa chombo ambacho hakikuweza kuuona umakini. Ni kama kupima uzito wa gunia kwa rula, kisha kutangaza kwamba gunia ni jepesi kwa kuwa ni fupi.

Kilichofuata kinajulikana. Vipindi vile sita viliendelea kuishi kwenye kanda za video, na baadaye DVD mwaka 2006. Mwaka 1988 watunzi walewale walimrudisha Drebin katika filamu ya The Naked Gun, wakiwa na Nielsen yuleyule na vituko vya aina ileile. Ilifanikiwa kiasi cha kufuatwa na nyingine mwaka 1991 na nyingine tena mwaka 1994. Mwaka 2025 ikatoka filamu mpya, Liam Neeson akiigiza mtoto wa Drebin. Kitu kilichosemekana kuwa kigumu mno kwa Mmarekani wa kawaida kilijaza kumbi za sinema kwa Mmarekani huyohuyo. Hakuwa ameongezewa akili kati ya 1982 na 1988. Aliwekwa tu mahali ambapo hapigi pasi.

Hapa mpinzani wangu atanyanyua mkono kwa furaha. Atasema: basi methali imeshinda, kizuri kimejiuza mwishowe. Hapana, hakikujiuza. Kilibebwa. Kilibebwa na watunzi waliokuwa tayari na jina kutokana na Airplane!, na studio kubwa ya Paramount iliyokubali kujaribu tena. Mtunzi asiye na jina, ambaye kazi yake imekatwa baada ya vipindi vinne, hana wa kumbeba. Tunaihesabu kazi moja iliyookolewa na kuiita ushahidi wa haki ya soko, kwa sababu zile zilizozama hazina sauti ya kubisha.

Atasema tena: ABC ni biashara, na biashara haiendeshwi kwa hasara ili kuwafurahisha wahakiki. Nakubali. Sijasema ABC haikuwa na haki ya kufuta. Ninachokataa ni hukumu inayoazimwa kutoka kwa mhasibu na kuletwa darasani kama hukumu ya sanaa. Mhasibu akisema "hakilipi", amesema jambo la kweli katika ofisi yake. Mhadhiri au mwanafunzi akirudia neno hilo kwa maana ya "si kizuri", ameacha kazi yake na kufanya ya mwenzake.

Na pengine mfululizo ungechoka wenyewe kama ungeachwa. Dhihaka ya kasi ile si rahisi kuiendeleza kwa miaka. Lakini hoja hiyo nayo inanisaidia. Fawlty Towers ya Uingereza ina vipindi kumi na viwili tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya 1979, na watunzi wake waliacha kwa hiari yao kazi ikiwa bado ina nguvu. Ufupi unaweza kuwa uamuzi wa msanii, na unaweza kuwa panga la tajiri. Kwa vyovyote vile, urefu haujatuambia lolote kuhusu ubora.

Kuna pingamizi moja zito zaidi, nalo linatoka nyumbani kwetu Uganda. Katika vibanda vya video, VJ husimama na kipaza sauti akiisimulia filamu ya kigeni kwa Kiluganda, akifafanua, akitania, akiwaonyesha watu pa kucheka. Je, huyo si mashine ya vicheko yenye miguu? Nasema si sawa hata kidogo. VJ yuko mbele ya watu, anawasikia, akichemsha wanamzomea. Anaongeza utani wake juu ya filamu, na hadhira inalazimika kusikiliza mara mbili. Mashine ya Douglass haimsikii mtu. Hucheka hata sebule ikiwa tupu. VJ anafanya kazi na hadhira. Mashine inafanya kazi badala ya hadhira.

Sasa nirejee kwetu, kama nilivyoahidi. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo nimesikia mara nyingi, katika makongamano na korido za vyuo, maneno yanayofanana mno na yale ya mwaka 1982. Wanafunzi wa nchi jirani hawataweza ushairi wenye vina na mizani. Riwaya ile ina mafumbo mengi, wapeni muhtasari. Kejeli haitaeleweka, andika chini yake kwamba ni kejeli. Kiswahili cha pwani kitawachosha, wapunguzieni. Wasemaji wana nia njema, na labda ndiyo sababu hawapingwi. Lakini maana ya maneno yao ni kwamba tukipewa kazi inayotaka kusomwa, hatutaisoma.

Matokeo yake tunayaona. Mwanafunzi anafika mwaka wa tatu akiijua orodha ya tamathali zote za semi, huku hajawahi kukaa na ukurasa mmoja wenye kinaya mpaka kinaya chenyewe kikamfikia. Amezoea kusomewa pamoja na vicheko vyake. Ukimpa maandishi yasiyomwambia pa kucheka, anadhani hayachekeshi. Kisha tunamlaumu kwa kukosa ladha ya lugha, ilhali ladha haikuwahi kuwekwa mezani. Na takwimu zinapoonyesha kwamba kitabu kigumu hakiazimwi maktabani, tunasema: si mliona? Hiyo ndiyo mita ya Nielsen, imefungwa kwenye rafu zetu.

Wahadhiri wetu, tunawaheshimu na tunawaomba: msitupunguzie. Tegeni, kisha mnyamaze kidogo. Tukishindwa, tutatoa mji, na hakuna aibu katika kutoa mji. Ndivyo kitendawili kilivyoundwa. Wanafunzi wenzangu, nanyi mkipewa uhuru wa kuchagua mada ya utafiti, msikimbilie tu zile kazi zilizodumu na kuandikwa na kila mtu. Itafuteni tamthilia iliyoigizwa mara moja, gazeti lililokufa baada ya matoleo machache, kipindi cha redio kilichoondolewa hewani. Ulizeni nani aliiondoa, alipima kwa chombo gani, na chombo hicho kiliweza kuona nini.

Kuhusu methali yetu, ibaki sokoni ilikozaliwa, ambako nyanya nzuri hujiuza kweli kwa sababu mnunuzi ameinama akaitazama na kuishika. Hata huko, mwenye kupita mbio bila kuinama hununua mbovu.