Nyumba ya rehani: siku 60 zinaliwa na aibu

Wadau, hapa Buguruni ukiona watu wamejaa nje ya nyumba ya mtu asubuhi, ujue ni msiba au dalali.

Wengi nyumba zetu hazikujengwa kwa mkopo. Mzee kajenga kidogo kidogo miaka na miaka, halafu kaiweka rehani, hati au leseni ya makazi, apate mtaji wa duka Kariakoo. Biashara ikiyumba, marejesho yanasimama, simu ya benki haipokelewi. Hapo ndipo tunapochemsha.

Sheria ya Ardhi ya 1999, ilivyorekebishwa 2008, inataka benki ikupe kwanza notisi ya maandishi ya siku 60. Siku hizo si za kujificha! Nenda na daftari la mauzo, omba mkopo upangwe upya: muda uongezwe, rejesho lipungue. Ikishindikana, kubaliana na benki uuze mwenyewe, maana mnunuzi wa mnadani anajua una shida.

Kingine, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Na ikiuzwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inaichukulia benki imekosea mpaka ijitetee. Lakini mahakamani wahi kabla ya mnada. Sheria inamlinda pia aliyenunua.

Tatizo ni aibu. Mama na watoto wanalijua deni siku dalali anapofika. Kama mzee wako kakopa, muulize leo, kwa heshima: notisi imefika lini?

Mnasemaje wadau?